Nimetembea Dar na Mwanza nikitafuta pa kukaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kwa wiki kadhaa sasa wasomaji wako wawili wanarushiana maneno humu, mmoja akidai Mwanza ni kijiji kikubwa kilichopewa jina la jiji, mwenzake akimjibu kwamba Dar es Salaam ni foleni iliyopewa jina la jiji. Mjukuu wangu ndiye ananisomea gazeti jioni, na siku hiyo tulicheka mpaka chai ikapoa. Ila nimegundua kitu: kila mmoja ni mwenyeji wa huko anakokusifia. Mwenyeji hana anachokiona kwake, ameshazoea. Mimi si wa Dar wala si wa Mwanza. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri miaka 68, mkazi wa Isevya hapa Tabora, na magoti yangu yote mawili ni mabovu. Ndiyo niliyoyapimia majiji hayo.

Sisi wa Tabora tuko njia panda tangu zamani. Reli ya kutoka Dar ilifika hapa mwaka 1912 wakati wa Mjerumani, na ile ya kwenda Mwanza Waingereza wakaimaliza mwaka 1928. Marehemu baba yangu alifanya kazi reli, kazi ya kugeuza njia: mabehewa haya yaende Kigoma, haya yashike ya Mwanza. Nimelala utoto wangu wote nikisikia "Wa Mwanza huku! Wa Mwanza!" usiku wa manane. Sasa na watoto wangu wamegawanyika kama yale mabehewa. Wa kiume yuko Dar, wa kike yuko Mwanza. Tangu baba yao afariki, kila mmoja ananivuta kwake. Nikawaambia sawa, nitakuja kuonja kwanza. Dar nilikwenda Januari nikarudi katikati ya Februari. Mwanza nimetoka juzi, nimekaa Juni nzima.

Nianze na Dar. Nilipanda basi mpaka Dodoma, kisha ile treni ya umeme iliyozinduliwa mwaka 2024. Hapo sina neno baya. Chini ya saa nne nikawa Dar, mimi ambaye mwaka 1979 nilitoka Tabora na treni ya zamani nikalala njiani, nikashuka na masizi puani. Stesheni yenyewe wameijenga kwa mfano wa jiwe la tanzanite, inang'aa, ina viti, ina vyoo, ina feni. Nikakaa pale dakika ishirini nzima nikimngoja mwanangu aliyekwama barabarani. Nikajisemea, kama Dar yote iko hivi, nahamia.

Basi nikatoka nje.

Mwanangu anakaa Kimara, ila Kimara ya ndani, unashuka Barabara ya Morogoro kisha unapanda bodaboda. Yeye anaamka saa 10 alfajiri, saa 11 ameshatoka, anarudi saa 2 usiku. Nilimwona vizuri Jumapili tu. Kituo cha daladala kilicho jirani na kwake kina kitu kilichonisikitisha kuliko foleni zote: vyuma vinne vifupi vimesimama kwenye saruji, vimekatwa usawa wa kifundo cha mguu. Nilidhani ni vya kuzuia magari. Kijana wa chipsi akaniambia, "Hapo palikuwa na benchi, bibi. Watu wa vyuma chakavu walilipitia usiku." Kila asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya miguu ile minne ya benchi lisilokuwepo, jua la Januari la pwani likinichoma kisogoni, nikingoja gari lenye nafasi. Saa nyingine dakika arobaini. Wasichana wenye mimba nao wamesimama. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuja na ndoo yake ya rangi tupu, akaigeuza, akakaa. Kumbe huja nayo kila siku. Daladala ikifika anaipandisha ndoo, konda anamlalamikia, anashuka nayo mjini. Huyo nilimheshimu.

Nilikuwa na shughuli mjini, karatasi za mirathi ya marehemu, katika ofisi moja ambayo sitaitaja kwa sababu bado sijamaliza nayo. Mle ndani viti vilikuwa sita, watu zaidi ya sitini. Mlinzi akatuambia tulio wengi tusubiri nje, tutaitwa majina. Nje wapi? Nje ni barabara. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za jengo la jirani, la vioo tupu. Sijamaliza hata kuvua kiatu, mlinzi wa pale naye kaja. Kwa adabu, sitamsingizia, alinipa na shikamoo. "Shikamoo bibi. Hapa haparuhusiwi kukaa." Marahaba, mwanangu. Panaruhusiwa wapi? Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akacheka mwenyewe. Hakupajua.

Aliyeniokoa ni fundi viatu aliyekuwa chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara. Aliniona nimeegemea nguzo ya taa, akanyanyua kigoda cha wateja na kukipiga piga kwa mkono kama anavyofukuza vumbi. Nikavuka. Akauliza kwetu wapi, nikasema Tabora.

"Ahaa! Mnyamwezi! Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Sasa mtani, mizigo umeiacha wapi? Wenzako walikuwa wanafika pwani na pembe za ndovu mabegani."

Nikamwambia, "Nimekuja kudai ujira wa babu yangu. Alibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mkamlipa dafu moja, tena limeshanywewa."

Alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Nilikaa kwenye kigoda kile siku tatu mfululizo, kila ofisi iliponitoa nje, na hakunidai senti. Ndiye aliyenifafanulia kwa nini mji mkubwa namna ile hauna pa kukaa, na sijasikia maelezo mazuri zaidi kwa mtu yeyote mwenye tai. Alisema benchi likiwekwa, asubuhi machinga anapanga soksi zake juu yake. Mchana mgambo anakuja kumfukuza machinga. Usiku mtu asiye na kwao analala. Malalamiko yakizidi, mkubwa anaona rahisi kuondoa benchi kuliko kumtafutia machinga meza na yule wa usiku kitanda. "Kwa hiyo, mtani, benchi ndilo linalofukuzwa kazi."

Sitaki niseme Dar yote haina. Pale mjini, jirani na Makumbusho ya Taifa, iko bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Mwanangu alinipeleka Jumapili moja, nikakaa kivulini, tausi wakapita mbele yangu kama wakaguzi wa shule, nikapumua. Na kule Kivukoni, ukitazama meli na pantoni za Kigamboni zikienda na kurudi, upepo wa bahari unakufanya usahau ofisi zote. Ila bustani huwezi kuihamishia Kimara. Na ufukweni nako kila penye kiti pana mwenye kiti, unanunua dafu ndipo unakaa, likiisha unatazamwa. Nilikunywa madafu mengi mwezi ule kuliko yale aliyolipwa babu.

Watu wa Dar wenyewe nawatetea. Huwa tunaambiwa hawana utu. Kila nilipopanda mwendokasi, hata kama watu wamebanana vipi, alipatikana kijana wa kusimama: "Kaa bibi." Mara moja walisimama wawili wakaanza kubishana nani aliyeniona kwanza. Kwa hiyo utu upo. Kisichokuwepo ni kiti.

Sasa Mwanza.

Nilikwenda kwa basi kupitia Nzega na Shinyanga. Ukishapita Usagara ndipo mawe yanapoanza, na anayeyaona kwa mara ya kwanza hunyamaza. Mawe ya matale makubwa kama nyumba, yamepangwa jingine juu ya jingine, ungesema mtoto alikuwa anacheza akaitwa kula. Tukashuka Nyegezi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuna aliyenikimbilia kunipokonya begi. Mwendesha bajaji alikuja taratibu, akasema "Mwangaluka, mayu," nikamjibu "Mwangaluka mhola," akadhani mimi Msukuma. Sikumsahihisha, maana bei ilishuka hapo hapo. Kinyamwezi na Kisukuma ni mtu na nduguye.

Hali ya hewa ni nyingine kabisa. Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jioni unavuta kitenge mabegani. Samaki sitawaelezea, wasomaji wenye wivu wataumia. Niseme tu kwamba sato nilimla na kichwa chake, na dagaa wa Mwaloni pale Kirumba nimerudi nao kiroba, basi zima lilijua. Foleni zipo, lakini ni za kitoto. Mtu anakuambia "leo kuna foleni mbaya" na dakika kumi baadaye mmefika.

Yule msomaji aliyeiita kijiji angepanda kwanza kwa binti yangu. Anakaa Mabatini, juu mawe yanakoanzia kuegemeana. Daladala inakushusha Barabara ya Nyerere, chini, halafu gari ndiyo basi. Bodaboda inajitahidi kidogo, nayo inakata tamaa. Kuanzia hapo ni miguu yako. Nimezihesabu ngazi, kazi ya ualimu haiishi: 143, nyingine za saruji, nyingine za mawe yaliyolazwa na wakazi wenyewe, nyingine si ngazi, ni mteremko uliochongwa na nyayo. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya majiji haya mawili. Dar ni mbali kwa kwenda mbele. Mwanza ni mbali kwa kwenda juu. Wa Kimara anaamka saa 10 kwa sababu ya kilomita, na wa Mabatini anaamka saa 11 kwa sababu maji ya bomba yanaishia chini, na ndoo lazima ipande kichwani.

Lakini pana jiwe.

Kama ngazi ya sabini hivi, njia inapopinda, lipo jiwe moja bapa, pana kama kitanda cha futi sita, limelala kwenye kivuli cha jiwe jingine kubwa. Limesuguliwa na makalio ya watu mpaka limekuwa laini kama kinu. Kila anayepanda hukaa hapo. Wanawake hutua ndoo, watoto wa shule hufanya hesabu, mzee mmoja huvuta sigara yake ambayo mkewe hataki kuiona nyumbani. Hakuna wa kukuuliza unafanya nini. Ukikaa unasalimiwa, ukisalimiwa unasogea, akija mwingine anakaa. Siku ya tatu nilishajua habari za mtaa mzima kuliko binti yangu aliyeishi pale miaka saba.

Siku moja, Jumamosi, vijana wanne walikuwa wanampandishia mteja seti ya makochi. Kule juu kila kitu hupanda hivyo, kwa mabega: kitanda, friji, mifuko ya saruji, na kila kimoja kina bei yake. Wakafika kwenye lile jiwe na kochi la watu watatu, lile kubwa, jipya, bado lina nailoni. Nami nimesimama pembeni, jiwe limejaa. Wakalitua kochi katikati ya njia wapumzike. Mmoja wao, jasho likimtiririka kidevuni, akanitazama, akatazama kochi, akasema, "Mayu, si ukae?" Nikasema la mtu hilo. Akasema, "Mwenyewe yuko juu, halioni." Nikakaa. Mhariri, nimekaa kwenye kochi jipya katikati ya mlima, miguu inaning'inia, mbele yangu mabati ya Mabatini yanashuka mpaka barabarani, hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, na mbali kule Ziwa Victoria kama karatasi ya bati iliyolazwa juani. Vijana wakakaa chini wanavua viatu, wakachangiana chupa ya maji. Yule wa sigara akasema mwalimu sasa ameapishwa kuwa mkuu wa mkoa. Nilikaa dakika tano. Sijakaa kwa raha namna ile tangu nistaafu.

Sasa msinielewe vibaya, sifa za jiwe si za halmashauri. Jiwe lile lilikuwepo kabla ya halmashauri, kabla ya Mjerumani, kabla ya Wasukuma wenyewe. Penye mkono wa binadamu Mwanza inafanana na Dar kama mapacha. Siku moja binti yangu alinipeleka ziwani ili nilione Jiwe la Bismarck kwa karibu, lile la kwenye picha zote, pale Kamanga. Tulilitazama tukiwa tumesimama. Baadaye tukatembea kando ya maji kutafuta pa kuketi, tukakuta ukuta, kisha lango, kisha ukuta. Mwisho tukaingia kwenye hoteli moja yenye bustani inayogusa ziwa. Kiti kilikuwepo. Kijana aliyevaa vizuri akaja na daftari kabla sijaegemea: soda au juisi? Nikasema nataka kukaa tu, mwanangu, kuangalia maji. Akasema maji yapo, ya nusu lita na ya lita moja.

Na lile jiwe langu lina siku zake mbaya. Binti yangu ameniambia kwamba mvua za masika zikinyesha, njia ile inakuwa mto, jiwe linateleza kama sabuni, na mwaka jana jirani yao alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Wanaume walimshusha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, wanne wanashika miguu ya kiti, wa tano anatangulia na tochi ya simu akipapasa ngazi kwa mguu. Mtoto alizaliwa salama hospitali, wamemwita Masika. Lakini hakuna hata bomba moja la chuma la kushikilia ukutani, ngazi zote 143. Niliuliza kwa nini, wakanijibu mtaa wenyewe bado unarasimishwa, watu hawajamaliza kupimiwa. Mimi nilifikiri goti halingoji hati.

Kwa hiyo kwa wale ndugu wawili wanaobishana, jibu langu ni hili. Mwanza imeishinda Dar kwa jiwe moja. Tofauti hiyo ni ndogo, na Dar inaweza kuifuta wiki ijayo ikitaka, kwa mifuko michache ya saruji. Nasema saruji, si chuma, wa vyuma chakavu wana macho. Kama wanaogopa watu watalala juu yake, waweke vigingi vya kutenganisha siti, ingawa mimi sioni kosa la mtu kulala. Na juu yake wapande mti. Hapa Tabora tuna miembe iliyoanza kutupa kivuli enzi za misafara, na chini ya kila mmoja utakuta gogo, jiwe au tairi, na juu ya gogo mtu. Hakuna aliyetangaza zabuni.

Mwanza nao wasijisifu kwa alichowapa Mungu. Waweke bomba za kushikilia kwenye njia za milimani, Mabatini na kwingineko, na waache hata uwazi mmoja wa hatua ishirini ziwani ambao mtu ataingia bila kuulizwa soda au juisi.

Mwanangu wa Dar amenipigia jana. Anasema amesikia nimerudi kutoka kwa dada yake, sasa nimeamua nini, chumba changu cha Kimara kimeshapakwa rangi. Nimemwambia kesho asubuhi akipita kituoni aangalie ile miguu minne ya chuma, kama imeota benchi anijulishe.

Bibi wa Isevya,
Mwalimu mstaafu,
Tabora.